Bwana Hevesy na Mizizi ya Maharage

Nilipokuwa kidato cha pili nilianguka vibaya katika kemia, nikamwandikia baba barua kwamba nitaacha masomo ya sayansi. Kabla sijaipeleka nilisoma habari za Bwana George de Hevesy. Nimeona vema niwasimulie maisha yake.

Bwana huyu alizaliwa Budapest, katika nchi ya Hungaria, mwaka 1885. Mwaka 1911 alikuwa Manchester, Uingereza, na Profesa Rutherford alimpa kazi ya kutenga radiamu D, kitu kitoacho mionzi, na madini ya risasi. Alijaribu kila njia asifaulu, maana radiamu D kwa tabia zake za kemia ni risasi yenyewe. Wazee husema asiyekubali kushindwa si mshindani. Bwana Hevesy alikubali, kisha akawaza: ikiwa vitu hivi havitengani, basi chenye mionzi kitaonyesha njia ya kisicho nayo, kama kengele shingoni mwa ng'ombe mmoja ijulishavyo kundi zima liliko.

Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, Denmark, alitia mizizi ya maharage mapana katika maji yenye risasi, ambayo kidogo yake ilitoa mionzi. Baadaye alichoma mizizi, shina na majani, kila sehemu peke yake, akapima mionzi ya majivu. Akaona kwamba risasi nyingi ilibaki mizizini, na kidogo tu ilipanda juu.

Tangu hapo wataalamu wa kilimo wamefuata njia yake kujua mbolea iendako ndani ya mmea. Tena tumejifunza jambo la kuogofya: mzizi hautambui mionzi, hutambua kemia tu. Sizi hufanana na potasi, na stronti hufanana na chokaa. Kwa hiyo ajali ya Chernobyl ilipotokea mwaka 1986, mimea ilivinyonya vitu hivyo kama chakula chake, navyo vikapanda mpaka kwenye majani waliyokula ng'ombe.

Bwana Hevesy alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943, akafariki mwaka 1966.

Ndugu zangu, ile barua niliichana. Mwaka huu nitafanya mtihani wa kemia pamoja nanyi. Sijui nitapata nini, lakini swali litakalonishinda nitaliuliza kwanza linanifundisha nini.