Mekatilili, mama aliyekataa kutoa wana wa Wagiriama

JINA lenyewe laeleza mengi. Alipozaliwa eneo la Ganze, katikati ya karne ya 19, aliitwa Mnyazi wa Menza. Alipojaliwa mtoto, jamii ikampa jina la mzazi: Mekatilili, yaani mama yake Katilili. Ni kwa jina hilo la uzazi, wala si la cheo, serikali ya kikoloni ilikuja kumtambua kuwa adui.

Uchungu ulimfika mapema. Inasimuliwa kuwa kakake, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Kwa hivyo Arthur Champion, msaidizi wa mkuu wa wilaya, alipofika mwaka wa 1912 akidai kodi na vijana wa kufanya kazi za Waingereza, Mekatilili aliona masaibu yale yale yakirejea kwa sura nyingine.

Wakati huo alikuwa mjane, na ujane ulimpa nafasi ya kusema mbele ya wazee, jambo ambalo halikuwa rahisi kwa mke wa mtu. Hakuwa na bunduki. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kijiji baada ya kijiji, na watu wakamfuata. Mwaka wa 1913, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakusanya Wagiriama katika Kaya Fungo wakala viapo, wanawake chao na wanaume chao, kwamba hakuna atakayeshirikiana na Mzungu.

Kisa ambacho wazee hawachoki kukisimulia ni cha kuku. Mekatilili alifika barazani na kuku mwenye vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Aliponyoosha mkono, kuku akamdonoa. Basi, Mzungu akajua atakachokipata akigusa mtoto wa Mgiriama. Huruma ya mama na ukali wake vilikuwa kitu kimoja.

Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakashika njia ya kurudi pwani kwa miguu. Anayedhani ni safari fupi na afungue ramani: ni kuivuka takriban nchi nzima, naye hakuwa kijana tena.

Haifai kuficha kwamba msimamo huo uligharimu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Katika vita vilivyofuata Wagiriama wengi waliuawa, nyumba zao zikateketezwa, nao waliosalia wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili alikamatwa tena, akahamishwa mbali na watu wake.

Aliporejea mwaka wa 1919, hakukaa pembeni kuomboleza. Aliongoza baraza la wanawake katika Kaya, Wanje akiongoza la wanaume, na watu waliotawanywa wakapata tena pa kupeleka shida zao. Alifariki miaka ya 1920, akazikwa Bungale, Magarini.