Wernher von Braun, Fundi wa Makombora

Je, mwamjua Wernher von Braun? Alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1912. Tangu utotoni alitamani roketi ifike mwezini. Lakini jeshi la Hitler lilitaka silaha, naye akaliundia kombora la V-2. Mnamo Septemba 1944 likaanza kuangukia London. Lilienda kasi kuliko sauti, basi hakuna mzinga wala ndege iliyoweza kulitungua. Maelfu ya wafungwa waliolazimishwa kuyaunda walikufa kwa njaa na kazi ngumu. Vita vilipokwisha, Marekani ilimchukua, na mwaka wa 1969 roketi yake, Saturn V, ikawapeleka watu mwezini. Alifariki mwaka wa 1977. Hadi leo mataifa yangali yanahangaika kuzuia makombora. Wenzangu tunaopenda fizikia, tujiulize mapema: tutamwundia nani, na kwa nini?