Aliwafungulia Beatles Stage, Kisha Akaomoka na Komedi ya TV

Manze, kama unaogopa kubadilisha hasla, mcheki Chosuke Ikariya, msee wa Tokyo aliyezaliwa 1931. Alikuwa anapiga gita la besi na kuongoza bendi ya The Drifters. 1966, Beatles walipotua Japani, hao ni kati ya waliowafungulia stage pale Budokan. Wengi wangeng'ang'ana na muziki tu. Yeye na maboyz wake wakaingia TV. Kuanzia 1969 hadi 1985, Jumamosi saa mbili usiku, yeye ndiye bosi mkali, wenzake wakimchezea shere. 1973 rating iligonga asilimia 50.5! Alikufa 2004 akiwa na miaka 72, akikumbukwa kwa kuchekesha. Wewe wa Gikomba unajua: nguo ikitoka kwa bale, inaanza maisha ya pili. Hata talanta ni hivyo.