Guttmann: Daktari aliyewatoa wagonjwa kitandani na kuwapeleka uwanjani

JULAI 29, 1948 macho ya dunia yalikuwa Uwanja wa Wembley, London. Mfalme George VI alikuwa anafungua Michezo ya Olimpiki ya majira ya joto, ya kwanza tangu kumalizika kwa Vita ya Pili ya Dunia.

Siku hiyohiyo, nje ya jiji hilo, kwenye nyasi za Hospitali ya Stoke Mandeville karibu na mji wa Aylesbury, watu 16 walikuwa wamekaa kwenye viti vya magurudumu wakishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Wanaume 14, wanawake wawili. Walikuwa wanajeshi walioumia uti wa mgongo na miguu yao ilikuwa imepooza.

Tarehe hizo mbili hazikugongana kwa bahati mbaya. Zilipangwa na daktari mmoja mkimbizi, Ludwig Guttmann. Leo kila nchi inayopeleka timu Paralimpiki inapita kwenye mlango aliouchonga mzee huyu. Lakini habari yake haianzii uwanjani. Inaanzia kwa mchimba makaa aliyewekwa nyuma ya pazia akisubiri kufa.

ALIYEACHWA NYUMA YA PAZIA

Guttmann alizaliwa Julai 3, 1899 kwenye mji mdogo wa Tost, katika familia ya Kiyahudi. Enzi hizo ilikuwa Ujerumani, leo ni Poland. Alikulia Königshütte, mji wa migodi na viwanda.

Mwaka 1917, kabla hata hajaanza chuo, alijitolea kama mhudumu kwenye hospitali ya majeruhi mjini hapo. Siku moja akaletwa kijana mchimba makaa, mwili umejengeka, lakini mgongo umevunjika. Guttmann akaanza kuandika taarifa zake. Daktari mkubwa akamwambia asijisumbue, mgonjwa huyo baada ya wiki chache atakuwa marehemu.

Na kweli. Wakamfunga plasta ngumu, wakamtenga na wenzake kwa pazia. Vidonda vya mgongoni vikaoza, mkojo ukaleta maambukizi, na baada ya wiki tano akafa. Kilichomuua siyo mgongo wenyewe. Ni vidonda na uchafu ambavyo hakuna aliyeona sababu ya kuhangaika navyo. Picha hiyo Guttmann hakuisahau mpaka anazeeka.

Alisomea udaktari Breslau na Freiburg, akahitimu mwaka 1924. Kisha akafanya kazi chini ya Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa mishipa ya fahamu Ulaya. Mambo yalimnyookea mpaka 1933, Hitler aliposhika madaraka na madaktari Wayahudi wakafukuzwa kwenye hospitali za umma. Guttmann akahamia Hospitali ya Wayahudi Breslau, na mwaka 1937 akawa mkurugenzi wake.

USIKU WA WATU 64

Usiku wa Novemba 9, 1938 Wanazi walichoma masinagogi, wakavunja maduka ya Wayahudi na kukamata wanaume kwa maelfu. Guttmann akawaagiza wafanyakazi wake wampokee yeyote atakayebisha hodi, bila kumuuliza anaumwa nini. Mpaka kunakucha waliolazwa walikuwa 64.

Asubuhi maofisa wa Gestapo wakaja kutaka maelezo. Daktari akawapitisha kitanda kwa kitanda, akitaja ugonjwa wa kila mmoja, mingine akiitunga papo hapo. Kati ya wale 64, watu 60 waliponea pale.

Muda mfupi baadaye serikali ikamruhusu kwenda Ureno kumtibu rafiki wa mtawala wa nchi hiyo, Salazar. Safari hiyo ndiyo iliyomfungulia njia ya kutoka. Machi 14, 1939 aliingia Oxford, Uingereza, na mkewe Else na watoto wao wawili. Chama cha kuwasaidia wasomi wakimbizi kilimpa fedha za kuanzia maisha.

WODI YA STOKE MANDEVILLE

Mwaka 1943 Waingereza walikuwa wanajiandaa kuvamia Ufaransa na walijua majeruhi watakuwa wengi. Wakamuomba Guttmann aongoze kituo kipya cha walioumia uti wa mgongo. Akakubali kwa sharti moja: aachwe afanye kazi kwa njia yake. Kituo kikafunguliwa Februari 1, 1944.

Wakati huo madaktari wengi hawakuitamani kazi ile. Aliyepooza miguu alionekana ni mtu wa kupewa dawa za kutuliza maumivu tu huku ndugu wanajiandaa kwa msiba. Guttmann akaitoa ile plasta ngumu. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili ngozi isioze. Usafi wa njia ya mkojo aliusimamia mwenyewe, na usiku wa manane angeweza kutokea wodini kuona kama agizo linafuatwa.

Manesi walimuogopa na baadhi ya madaktari walimuona mkorofi. Wagonjwa wao walimpa jina la kifamilia, Poppa, yaani baba. Lakini alikuwa baba mkali. Ukikubali kulala tu na kujihurumia, hamuelewani.

Maana kupona vidonda ilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa ni kumfanya kijana wa miaka 22, aliyeambiwa hatatembea tena, aone sababu ya kuamka asubuhi. Guttmann akaanzisha karakana za useremala na kutengeneza saa. Halafu akaleta michezo.

Walianza na vishale na snuka. Ukaja mchezo wa polo ya kwenye viti, ambapo wagonjwa walibeba bakora na kugombania kisahani sakafuni. Huo uliachwa, maana watu walikuwa wanaumizana. Nafasi yake ikachukuliwa na michezo ya mpira wa kikapu na netiboli ya kwenye viti.

Upinde na mshale aliupenda kwa sababu za kidaktari kabisa. Mchezo huo unajenga mabega, mikono na mgongo wa juu, sehemu ambazo mtu wa kwenye kiti anazitegemea kujiinua, kujisukuma na kukaa bila kuanguka. Pia mpiga mshale aliyekaa anaweza kumshinda aliyesimama, bila kuonewa huruma na mtu. Kwa Guttmann mchezo haukuwa wa kupotezea muda. Ulikuwa kwenye orodha ya matibabu kama kidonge.

KUTOKA WATU 16 MPAKA ROMA

Mashindano ya 1948 yalikuwa ya timu mbili tu: Stoke Mandeville na wanajeshi wa zamani waliokuwa wanaishi makao ya Star and Garter, Richmond. Wageni ndiyo walioshinda. Guttmann hakujali kombe limekwenda wapi. Mwaka uliofuata aliwatangazia waliohudhuria kwamba iko siku michezo hiyo itakuwa Olimpiki ya watu wenye ulemavu. Wengi waliona mzee anaota.

Mwaka 1952 wakaja wanajeshi wa zamani kutoka Uholanzi na michezo ikawa ya kimataifa, wachezaji wakafika 130. Mwaka 1960, siku chache baada ya Olimpiki ya Roma, wachezaji wapatao 400 kutoka nchi 23 walishindana katika jiji hilohilo. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Maandalizi yalikuwa na kasoro zake. Majengo waliyofikia yalikuwa na ngazi, ikabidi askari wa Italia wawabebe wachezaji kuwapandisha na kuwashusha.

Kwenye timu ya Uingereza alikuwemo mwalimu Margaret Maughan. Mwaka mmoja tu nyuma alikuwa anafundisha Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, akapata ajali ya gari iliyompoozesha miguu. Akasafirishwa mpaka Stoke Mandeville na kule akashikishwa upinde. Roma alishinda dhahabu bila kujua. Alikuwa ameshapanda basi la kurudi kambini watu walipokuja kumtafuta, kwamba anasubiriwa kuvishwa medali.

Guttmann alijua pia kwamba medali za Roma hazimsaidii mgonjwa aliyerudi kijijini akakaa ndani. Ndiyo maana mwaka 1961 alianzisha chama cha michezo ya watu wenye ulemavu Uingereza, ili watu wapate pa kuchezea karibu na nyumbani. Mwaka 1966 akapewa heshima ya kuitwa Sir, na mwaka 1969 uwanja maalumu ukafunguliwa Stoke Mandeville.

ALIPOBISHANA NA DUNIA

Mzee hakuwa malaika. Alipenda kuamua peke yake, na kwa miaka mingi michezo yake ilikuwa ya walioumia uti wa mgongo. Wasioona na waliokatwa viungo walikaa nje mpaka Paralimpiki ya Toronto mwaka 1976. Toronto hiyohiyo iliruhusu Afrika Kusini ya ubaguzi kushiriki, na nchi kadhaa zikajitoa kupinga. Kenya, iliyocheza kwa mara ya kwanza Heidelberg mwaka 1972, ilikuwa mojawapo.

Ila mlango ule wa Toronto uliwafaa wengi. Bila huo, Mkenya Henry Wanyoike, aliyepoteza uwezo wa kuona akiwa mtu mzima, asingepata pa kukimbilia. Sydney mwaka 2000 alichukua dhahabu ya mita 5,000 kwa wasioona, huku mwongozaji wake akiwa hoi na yeye ndiye anamvuta kuelekea mwisho.

Guttmann alifariki Machi 18, 1980 akiwa na miaka 80. Mwaka huo Moscow iliandaa Olimpiki lakini Warusi walikataa Paralimpiki, ikapelekwa Arnhem, Uholanzi. Ilipofunguliwa Juni, mwanzilishi wake alikuwa na miezi mitatu kaburini. Ilibidi dunia isubiri mpaka Seoul mwaka 1988 kuona Paralimpiki ikitumia tena viwanja vilevile vya Olimpiki.

Mwaka 2012 michezo ilirudi London. Usiku wa ufunguzi, kazi ya kuwasha mwenge mkuu alipewa bibi wa miaka 84 aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu. Ni Margaret Maughan, yule mwalimu wa Nyasaland. Alikuwa ameishi miaka 53 tangu ajali yake. Yule mchimba makaa wa Königshütte, mwenye jeraha la aina hiyohiyo, alipewa wiki tano.