Edmond Albius: Dogo wa miaka 12 aliyeifanya kazi ya nyuki

Ukila aiskrimu ya vanila leo, kuna mtoto mtumwa unayepaswa kumjua.

Edmond alizaliwa 1829 Sainte-Suzanne, kisiwa cha Bourbon, koloni la Ufaransa kwenye Bahari ya Hindi. Leo kinaitwa Réunion. Mama yake alifariki akimzaa, na shule hakuisoma. Mmiliki wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipenda sana mimea, hivyo dogo akawa anamfuata bustanini na kujifunza.

Shida ilikuwa vanila. Asili yake ni misitu ya Mexico, na kwa vizazi vingi ua lake limebadilika kulingana na nyuki wa huko. Ndani lina kiutando kinachotenganisha chavua na sehemu ya kike, lisije likajichavusha lenyewe. Nyuki akipita ndipo chavua inafika. Tena ua linafunguka siku moja tu; asipotokea mgeni, linadondoka.

Huko Bourbon vanila ililetwa, ikatambaa, ikachanua vizuri tu. Lakini nyuki wake walibaki Mexico. Karibu miaka 20, matunda hakuna.

Mwaka 1841 Bellier-Beaumont akaona mmea wake umezaa. Edmond, miaka 12, akasema ni kazi yake. Bosi hakuamini, mpaka alipoonyeshwa: kijiti chembamba kinainua kiutando, kidole gumba kinasukuma chavua mahali pake. Sekunde chache, imeisha. Kabla yake, mwaka 1836, Charles Morren wa Ubelgiji alishafanikiwa kuchavusha vanila kwa mkono, ila njia yake haikufaa kwa mashamba makubwa. Ya Edmond ndiyo ambayo wakulima wa Madagascar, Uganda na Kagera wanaitumia hadi leo, ua moja baada ya jingine.

Dogo akazungushwa shamba kwa shamba kufundisha watumwa wenzake. Matajiri wakatajirika zaidi. Yeye? Utumwa ulipofutwa 1848 alipata uhuru na jina la ukoo, Albius. Pesa, hapana. Baadaye alifungwa kwa kesi ya wizi wa vito, na Bellier-Beaumont ndiye aliyemwombea akatoka mapema. Mtaalamu wa mimea, Jean Michel Claude Richard, naye akaibuka kudai ugunduzi ule ni wake. Bellier-Beaumont akampinga kwa maandishi.

Edmond alifariki Agosti 1880, palepale Sainte-Suzanne, akiwa maskini.