Tabibu aliyewasikiliza askari waliovurugwa na vita

W.H.R. RIVERS, daktari Mwingereza aliyetibu askari kwa mazungumzo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, aliishi na kigugumizi maisha yake yote. Ajabu ni kwamba babake alikuwa mtaalamu wa kutibu kigugumizi.

Alizaliwa Kent mnamo Machi 12, 1864, akafuzu udaktari mwaka wa 1886 na baadaye akafundisha Cambridge. Mwaka wa 1898 alisafiri hadi visiwa vya Torres Strait kuchunguza mila za wenyeji.

Oktoba 1916 alihamia Craiglockhart, hospitali ya kijeshi karibu na Edinburgh. Humo walilazwa maafisa waliotetemeka, waliokosa usingizi kwa majinamizi na hata walioshikwa na kigugumizi kama chake. Wengi walikuwa wameshauriwa wasahau waliyoyaona. Rivers alishikilia kuwa kumbukumbu inayofukiwa mchana hufufuka usiku. Afisa mmoja aliandamwa na maiti ya rafikiye iliyoraruliwa na kombora. Rivers alimwonyesha kuwa marehemu alikufa papo hapo, bila maumivu, na ndoto zikaanza kupoa. Mwingine alikuwa ameangukia maiti iliyooza. Huyo hakupatikana neno la kumliwaza, na Rivers alikiri hivyo katika maandishi yake.

Julai 1917 alimpokea mshairi Siegfried Sassoon, aliyepinga hadharani kuendelezwa kwa vita. Hapa ndipo penye utata wa maisha ya tabibu huyu: kadiri alivyoponya, ndivyo alivyowarudisha watu kwenye mahandaki. Sassoon naye alirudi, ingawa Rivers mwenyewe alikuwa ameanza kuvitilia shaka vita hivyo.

Craiglockhart ilikuwa ya maafisa tu. Vita hivyohivyo vilifika mjini Kisii Septemba 12, 1914, Waingereza walipopigana na Wajerumani, na baadaye vijana wengi wa Gusii wakachukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Waliorejea kwenye vilima kama vya Marani hawakuwekewa Rivers wao. Walichoona walibaki nacho.

Rivers alifariki ghafla kwa ugonjwa wa ngiri Juni 4, 1922, akiwa mgombea ubunge wa chama cha Labour katika eneo la Chuo Kikuu cha London. Nafasi yake ilichukuliwa na mwandishi H.G. Wells.