Jumatano: Mali ya Sewa Haji

Soma Luka 19:1–10. Zakayo alitoa nusu ya mali yake akiwa hai, wala hakungoja kuandika wosia. Zingatia pia ahadi yake kwa wale aliowadhulumu.

Mgonjwa wa Nshamba ambaye ugonjwa wake umeshindikana Rubya hupelekwa Bugando, na ikibidi huenda hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Huko huenda akalazwa katika jengo liitwalo Sewahaji. Wengi hulitaja jina hilo pasipo kujua kwamba lilikuwa la mtu.

Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Wahindi Waismailia uliokuwa na biashara Zanzibar na Bagamoyo. Siku zile, kabla ya reli, misafara mingi ya kwenda bara ilianzia Bagamoyo, nayo ilihitaji bidhaa za kubadilishana njiani na watu wa kuzibeba. Sewa Haji alitoa vyote viwili. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Biashara hiyo ya pwani ilifika hata Karagwe, ambako wafanyabiashara walikuwa na kituo chao Kafuro.

Mwaka 1871 Stanley alipita Bagamoyo akienda kumtafuta Livingstone. Aliyempatia wapagazi alikuwa kijana Mhindi wa miaka kama ishirini, anayehesabiwa kuwa ndiye Sewa Haji. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia kwa uchungu, akieleza jinsi kijana huyo alivyomlaghai katika hesabu, na alipokamatwa hakuona haya. Ni kweli kwamba Stanley mwenyewe hakuwa mtu mpole kwa wapagazi wake. Hata hivyo, ushuhuda huo si wa kufichwa, kwa maana utajiri ule ulijengwa juu ya mabega ya watu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo thelathini hivi, kwa miezi, akipita penye njaa na ndui. Wengi hawakurudi.

Zakayo aliweza kurudisha mara nne kwa sababu aliwajua aliowadhulumu. Lakini mpagazi aliyeanguka njiani atalipwaje? Hapo ndipo maisha ya Sewa Haji yanapostahili kuangaliwa kwa makini. Zakayo aligeuka siku moja. Kwa huyu ilipita zaidi ya miaka ishirini.

Katika miaka ya 1890, akiwa tajiri mkubwa ambaye Wajerumani nao walimtegemea kwa wapagazi, alianza kutoa. Alitoa jengo la ghorofa huko Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe. Sharti hilo halikuwa jambo dogo chini ya serikali iliyowatenga watu kwa rangi. Aliwasaidia wagonjwa wa Bagamoyo na wenye ukoma, ambao watu waliwakimbia. Aliwapa msaada hata mapadre Wakatoliki, ingawa yeye alikuwa Mwislamu. Anayesoma habari za Msamaria katika Luka 10 hatashangaa kwamba tendo jema limetoka kwa mtu wa dini nyingine.

Dar es Salaam alitoa fedha za kujenga hospitali. Alifariki Februari 1897, akiwa na miaka 46 hivi, na katika wosia wake aliagiza kwamba mapato ya majumba yake yawatunze wagonjwa na wenye ukoma. Hospitali ile ikaitwa kwa jina lake. Jengo la kwanza limekwisha kubomolewa. Baadaye ilijengwa hospitali kubwa zaidi, ndiyo Muhimbili ya leo.

Mwaka huohuo wa 1897 Wajerumani walifungua hospitali ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Waasia walikwenda kwa Sewa Haji. Watu wa namna ya wale waliobeba mizigo yake hadi ziwani, sasa walikuwa na kitanda cha kulalia na mganga wa kuwatazama.